Nataka kushusha Impreza GDA bila kuharibu uendeshaji: springi fupi, koilova au nikate?

#1 Goba_Boksa

Wakuu salaam. Nina Subaru Impreza GDA, saluni ya 2004, tabo, manyuo. Ndiyo gari yangu ya kila siku, Goba hadi Posta na kurudi, na mara moja moja napanda nayo Iringa. Shokapu za mbele zimeanza kutoa mafuta, kwa hiyo kubadilisha ni lazima. Nikaona kwa kuwa tunafungua, basi tumalizane kabisa na lile pengo kati ya tairi na madigadi, maana linanikera kila nikipaki.

Nilikuwa nafikiria kushuka sentimita 5. Fundi wa mtaani kasema ananikatia springi mizunguko miwili kila upande, kazi ya nusu siku. Jamaa mwingine anasema nitafute koilova (shokapu na springi kwa pamoja, za kurekebisha kimo) used za Japan. Ninachotaka ni gari ikae chini, kona ishike vizuri kuliko sasa, na nikifika kwenye matuta ya Mikumi nisilazimike kushusha abiria.

Mwenye uzoefu anisaidie.

#2 Karanga_Mbichi

Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu waje.

#3 Kijiwe_Gereji

Kata tu mkuu. Watu wanakata miaka nenda rudi na magari yanatembea. Mizunguko miwili mbele, mmoja na nusu nyuma, gari inalala chini kama simba. Hizo springi za kununua ni mbwembwe za watu wenye hela.

#4 Bushi_Mpya

Goba_Boksa, kabla hujamruhusu mtu na grainda, jibu swali moja: shokapu lako lina safari kiasi gani iliyobaki kabla halijagonga stopa ya raba? Watu wote wanauliza nishuke ngapi, wakati swali la kwanza ni nabakiwa na ngapi.

Nakupa hesabu nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, gari likiwa limesimama shokapu la mbele lina milimita 70 za kushuka kabla ya kugusa stopa, na springi ina ugumu wa kilo 3 kwa kila milimita. Nishati ya tuta inayomezwa na springi inakwenda kwa mraba wa safari. Ukikata safari kutoka 70 hadi 35, ili umeze tuta lile lile kwa springi peke yake unahitaji ugumu mara nne, yaani kilo 12 kwa milimita. Hiyo ni springi ya gari la mashindano. Ukishuka 20 tu, ukabakiwa na 50, unahitaji kama mara mbili, kilo 6. Stopa nayo inasaidia kidogo, kwa hiyo maisha halisi siyo makali hivyo, lakini mwelekeo ndio huo. Wewe unataka kushuka 50. Kwenye mfano wangu unabakiwa na 20, halafu kila kishimo kinakuwa kikao cha chuma na chuma.

Sasa tuje kwenye kukata. Ugumu wa springi unategemea unene wa waya, upana wa mzunguko, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukipunguza mizunguko, springi inakuwa ngumu, hapo Kijiwe_Gereji hajakosea. Ila ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi ukakata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20 tu. Ukikata mmoja na nusu, asilimia 33. Umeshusha gari sana, umekaza springi kidogo. Hapo ndipo penye tatizo, wala siyo kwamba gari litalipuka.

Na kuna jambo la pili. Piga jeki gari lenye springi za kukatwa, tairi lining'inie, halafu ishike springi kwa mkono. Mara nyingi utaikuta inacheza kwenye kikombe chake, haijabanwa na kitu. Ukiruka rasta kwa mwendo na tairi likaning'inia hivyo hivyo, springi inaweza kurudi ikiwa imekaa upande. Sitaki kuwa kwenye gari hilo pale mlima Kitonga.

#5 Kijiwe_Gereji

Mbona Japani wenyewe wanakata? Na kuna wanaochoma moto springi ikae chini.

#6 Bushi_Mpya

Kuchoma ni kubaya kuliko kukata. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kiwandani kwa kiwango maalum ndipo kikapata ule uwezo wa kurudi. Ukikipiga na gesi, pale ulipochoma panakuwa laini, pembeni yake panakuwa pa kuvunjika. Hakuna fundi anayeweza kukuambia springi ya kulia na ya kushoto zimelainika sawasawa. Hili sina la kujadiliana.

Kukata, kwa springi inayoishia na ncha wazi isiyosawazishwa, kwenye gari jepesi, nusu mzunguko, mtu anaweza kuishi nako. Mizunguko miwili kwenye gari la abiria linalokwenda Iringa, hapana.

#7 Mama_Altezza

Samahani naingilia. Mimi nina Altezza, iko chini tangu nilipoinunua, sijui walitumia nini. Tairi za nyuma zinakula ndani tu, nje zinang'aa kama mpya. Kila mtu ananiambia ni kemba (mwegamo wa tairi), niweke boliti za kurekebisha. Ni kweli?

#8 Bushi_Mpya

Dada, Altezza ina wishboni (mikono ya chuma inayoshika tairi) mbili, juu na chini, mbele na nyuma. Mfumo huo umeundwa ili tairi likipanda, juu yake pavutwe kuelekea ndani. Kwa hiyo ukishusha, kemba hasi inaongezeka yenyewe, na tairi linaegemea ndani. Hadi hapo wako sahihi.

Lakini kemba peke yake hula tairi taratibu. Linalomaliza tairi haraka ni mwelekeo, yaani tairi mbili za ekseli moja zikiangalia nje au ndani badala ya mbele. Ukiweka pamoja kemba kubwa na mwelekeo uliopotea, tairi mpya inaisha ndani kabla hujakumbuka ulinunua lini. Nenda kwenye mashine ya alaimenti, wambie wakupe karatasi yenye namba za magurudumu yote manne, na angalia mwelekeo wa nyuma kwanza. Boliti za kemba nunua baada ya kuona namba. Pia pitisha mkono kwenye bushi za nyuma ya gari hilo. Zikichoka, namba unazopata gari likiwa limesimama siyo namba ulizonazo ukikanyaga breki.

#9 Drifti_Kigamboni

Bushi_Mpya unamtisha jamaa bure. Dawa ni koilova. Unazungusha, gari inashuka, unazungusha tena, inapanda. Mimi natumia na sijawahi kujuta.

#10 Bushi_Mpya

Koilova ni nzuri, ila siyo zote zinafanya unachosema. Kuna aina mbili. Ya kwanza unashusha kikombe cha chini cha springi. Springi inashuka, gari linashuka, na safari ya shokapu inapungua kiasi kile kile. Hujaokoa kitu, umenunua namna nzuri ya kurekebisha kimo. Ya pili ina mguu wa chini unaozunguka, mwili mzima wa shokapu unaingia ndani ya kile kishikio kinachofungwa kwenye nakali, kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Hiyo ndiyo inayoshusha gari huku safari ya shokapu ikibaki vile vile. Kinachobaki kukuzuia hapo ni tairi kugusa madigadi.

Na lile jambo la kukaza springi kwenye kikombe ukidhani umeongeza ugumu, hapana. Springi ya ugumu mmoja wa kilo 8 ni kilo 8 hata uibane vipi. Unaongeza kimo tu.

Halafu angalia namba. Koilova nyingi za Japani za GD (kizazi cha Impreza yako) utakuta zimeandikwa 8 mbele na 6 nyuma, au zaidi. Kona moja ya mbele ya Impreza, tuseme imebeba kilo 350 juu ya springi. Kwa springi ya kilo 3, bodi inapanda na kushuka kama mara 1.5 kwa sekunde, ambayo ni ladha ya gari la barabarani lenye ukakamavu. Kwa kilo 5 inafika 1.9. Kwa kilo 8 inakaribia 2.4. Hapo umeingia kwenye nchi ya watu wa mashindano, na barabara za ndani za Goba siyo sakiti. Tairi linaloruka haliwezi kushika kona. Kwenye lami mbovu gari laini kidogo linampita gari gumu, na dereva wa gari gumu anabaki kusema gari lake lina msimamo.

Koilova used nazo, zipime kabla ya kulipa. Bonyeza fito hadi chini kwa uzito wako, iachie. Ikirudi kwa kurukaruka, au ikiwa na sehemu ambayo haina upinzani kabisa katikati ya safari, hiyo imeshaisha. Nyingi zilizokuja na kontena zina uzi wa skrubu ulioliwa na chumvi ya barabara za baridi, pete haizunguki hata ukitumia nyundo.

#11 Drifti_Kigamboni

Sawa hapo kwenye uzi nimekukubali. Yangu moja haizunguki kweli, upande wa nyuma kushoto.

#12 Nairobi_SG5

Niaje wadau, nasoma kutoka Nairobi. Mimi sijashusha kitu, Forester yangu SG5 imejishusha yenyewe nyuma. Mekanika akaniwekea shoki mpya za kawaida lakini bado imelala. Ananiambia niweke spesa (kipande cha kunyanyua gari). Nifanyeje?

#13 Bushi_Mpya

Karibu kaka. Baadhi ya Forester za SG, na hata SH, zilikuja na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe. Ndani yake kuna pampu ndogo. Gari likitembea, zile dundadunda za barabara zinaifanya ijaze na kunyanyua nyuma hadi kimo chake. Kwa sababu shokapu lilikuwa linabeba sehemu ya uzito, springi ya nyuma waliifanya laini. Shokapu likifa, gari linalala. Ukiweka la kawaida ukaacha springi ile ile laini, linaendelea kulala. Dawa ni kubadilisha springi pia, uweke za Forester isiyo na mfumo huo. Spesa inanyanyua kimo lakini springi inabaki laini, ukipakia watu watano, nyuma inarudi kuketi.

#14 Nairobi_SG5

Wah. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Asante sana mkubwa.

#15 Karanga_Mbichi

Halafu ni ajabu, huku Bongo wote wanapandisha. IST, Crown, Mark X, kila gari ina spesa. Wewe Goba_Boksa umetoka wapi?

#16 Bushi_Mpya

Na hao wa spesa nao wana ugonjwa huo huo, ila umegeuka. Spesa nene ikiwekwa kwenye springi inamaliza safari ya shokapu ya kuning'inia. Ndiyo maana gari ya spesa ikipita shimo inasikika tak! Ni shokapu limenyooka hadi mwisho.

#17 Goba_Boksa

Nimesoma yote. Asanteni. Sasa swali la kona. Ninavyojua, kitovu cha uzito kikishuka, gari hailali sana upande kwenye kona. Kwa hiyo hata nikishuka bila kukaza sana springi, si nitakuwa nimefaidi?

#18 Bushi_Mpya

Hapo ndipo wengi wanapotea, na kwa Subaru hasa inabidi tuongee taratibu.

GD yako ina strati mbele na nyuma, ule mfumo uliopewa jina la Earle MacPherson. Shokapu lenyewe ndilo linaloshika nakali kwa juu, chini kuna wishboni moja kwa mbele, na fito kwa nyuma. Mfumo huu una sehemu ya kufikirika ambayo bodi inalala kuizunguka ukikata kona. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa mbali juu ya sehemu hiyo, ndivyo nguvu ya kona inavyopata wenzo mrefu wa kuibinua bodi.

Sehemu hiyo inapatikana kwa kufuata mstari wa wishboni ya chini. Chungulia chini ya gari ikiwa na kimo cha kiwanda: wishboni inatelemka kidogo kuelekea kwenye tairi. Ukishusha gari, wishboni inalala sawa na ardhi, halafu inageuka, boljointi (kiungo chake cha upande wa tairi) inakuwa juu kuliko bushi za ndani. Mstari ukigeuka hivyo, kile kitovu cha kulalia kinaporomoka kwa kasi kuliko bodi. Umeshusha uzito milimita 30, chenyewe kinaweza kuwa kimeshuka zaidi ya maradufu. Wenzo umerefuka. Kwa springi zile zile gari lililoshushwa linalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyotoka kiwandani, na dereva anaapa kwamba linashika vizuri kwa sababu linaonekana chini.

Kemba nayo. Kwenye strati, tairi likipanda linaegemea ndani hadi pale wishboni na shokapu zinapofika pembe mraba. Ukivuka hapo, linaanza kurudi nje, wakati ndipo bodi imelala na unaihitaji kemba zaidi. Bega la nje la tairi linabeba kila kitu.

La tatu ni tairodi, ile fito inayogeuza tairi ukizungusha stelingi. Tairodi na wishboni zinachora mapinde yanayokaribiana zinapopanda na kushuka. Kiwanda kilizipanga ziende sambamba karibu na kimo cha kawaida. Ukizitoa hapo, kila tuta linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa stelingi. Ukiwa Morogoro Road na roli linakuja mbele yako, utaelewa ninachosema.

Kwa hiyo mimi kwa GD ya kila siku naishia milimita 20 hadi 25. Kupita hapo unahitaji boljointi ndefu zinazorudisha pembe ya wishboni, pamoja na ncha za tairodi zinazolingana nazo. Whiteline wa Australia wanazitengeneza kwa Impreza. Zinafanya kazi kweli, lakini ni gharama nyingine, na lazima rimu iwe na nafasi ya kutosha kwa ndani.

#19 Kijiwe_Gereji

Hii ya wishboni kugeuka nimeenda kuiangalia kwenye gari ya mteja iliyokatwa. Kweli imepanda juu. Na anasema stelingi inamvuta akipita rasta.

#20 Bushi_Mpya

Mwangalie na stopa zake, utakuta zimepasuka au hazipo.

#21 Goba_Boksa

Sasa nimekuelewa. Nipe njia ya kupima hiyo safari iliyobaki, sina vifaa vya maana.

#22 Bushi_Mpya

Chukua kile kimkanda cha plastiki cha kufungia nyaya. Toa tairi, sukuma juu kifuniko cha vumbi, funga kimkanda kwenye fito ya shokapu pale chini kabisa panapokutana na mwili, kibane kiasi cha kuteleza kwa shida. Rudisha tairi. Pita njia yako ya kawaida na abiria wako wa kawaida. Ukirudi, kimkanda kitakuwa kimesukumwa hadi shokapu lilipofika. Umbali kutoka hapo hadi stopa ndio akiba yako.

Pima pia kimo, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, tairi na upepo vitakudanganya.

#23 Goba_Boksa

Wakuu nimerudi. Kimkanda cha mbele kulia kimesukumwa hadi kwenye stopa, na stopa yenyewe imekuwa unga, inabomoka mkononi. Yaani gari ikiwa na kimo cha kiwanda tayari inagonga!

#24 Bushi_Mpya

Shokapu linalovuja halizuii kitu, linakimbia safari yote. Kwa hiyo gari lako lilivyo sasa halijawahi kukuonyesha linavyotakiwa kuwa. Ndiyo maana huwa nasema hela ya kwanza iende kwenye shokapu. Springi ikikazwa maradufu, shokapu nalo linahitaji nguvu ya kama mara 1.4 ili kuituliza. Springi mpya kwenye shokapu la zamani ni kudunda kama boya la Feri.

Ningekuwa wewe: shokapu nne mpya za KYB, stopa mpya, vifuniko vya vumbi, na vikalio vya juu vyenye bearingi. Springi, tafuta zinazoshusha milimita 20 hadi 25, za kampuni inayoeleweka. Wengine hutumia zile za rangi ya pinki za STI (kitengo cha michezo cha Subaru), zinashusha kidogo na zimekaza. Stabilaiza ya nyuma (fito inayozuia bodi kulala kwenye kona) nene kidogo ukipenda, Subaru inasukuma pua nje kwenye kona na hiyo inasaidia. Rimu usiende nje ya ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu) ya milimita 48 hadi 55, tundu 5x100, yaani tano kwenye duara la milimita 100. Usinunue rimu za STI ya 2005 kwenda mbele, hizo ni 5x114.3.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Boliti za bushi za wishboni na za fito za nyuma zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma. Ukiikaza tairi likining'inia, gari likishuka raba inajisokota na kukaa imesokotwa maisha yake yote, halafu inapasuka mapema. Funga kwa mkono, shusha gari juu ya tairi zake, lisukumesukume, ndipo ukaze.

Alaimenti fanya baada ya springi kukaa, siyo siku ile ile. Mbele kemba hasi nyuzi 1 hadi 1.5, mwelekeo sifuri. Nyuma tairi ziangalie ndani kidogo sana. Mwisho rekebisha taa.

#25 Mama_Altezza

Nimepata karatasi. Nyuma kushoto inaangalia nje. Kemba ni ya kawaida tu jamani.

#26 Bushi_Mpya

Basi boliti za kemba hazikuwa zako. Wakurekebishie mwelekeo, tairi ukiweza zihamishe.

#27 Goba_Boksa

Imefungwa. Shokapu za KYB na springi za kushusha 25. Fundi alitaka kukaza bushi juu ya jeki, nikamwonyesha huu uzi, akacheka akakubali. Pengo bado lipo kidogo, siyo lile nililoliota, lakini kona ya kuteremka Goba gari imetulia kabisa, na matuta napita na watu wanne bila mlio.

Tatizo moja. Kwenye alaimenti wameniambia nyuma ya Impreza haina marekebisho, wameacha ilivyo.

#28 Bushi_Mpya

Kemba ya nyuma ndiyo haina marekebisho ya kiwandani. Mwelekeo upo. Kwenye fito za nyuma za pembeni, upande wa ndani, kuna boliti yenye sahani ya mviringo ambayo tundu lake haliko katikati, ina alama. Ukiizungusha tairi linageuka. Mara nyingi imekamatwa na kutu ndani ya bushi, ndiyo maana wanasema haipo. Ipake mafuta ya kulainisha usiku, asubuhi ailegeze nati kwanza halafu azungushe kichwa cha boliti, asilazimishe. Ikikataa kabisa inakatwa na kuwekwa mpya pamoja na bushi.

#29 Goba_Boksa

Sawa, naenda Jumamosi.

#30 Karanga_Mbichi

Mkuu, springi zako za zamani bado zipo? Zangu za mbele moja imekatika mzunguko wa chini. Nitumie bei inbox.